Al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa

Al-Hasan bin Sulaiman (anajulikana zaidi kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, alitawala takriban miaka 1310 hadi 1333) alikuwa sultani wa Kilwa Kisiwani, mji wa Waswahili kwenye pwani ya kusini ya Tanzania ya leo. Alikuwa wa ukoo wa Mahdali, ambao ulikuwa na asili ya Yemen.

Wakati wa utawala wake Kilwa ilifikia kilele cha utajiri wake kutokana na biashara ya dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu. Anakumbukwa kama mjenzi wa jumba la Husuni Kubwa, kama mwenyeji wa msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko, na kama mtawala ambaye jina lake limeandikwa kwenye sarafu nyingi za shaba na chache za dhahabu.

Wanahistoria wanamfahamu kupitia maandishi machache tu. Sehemu kubwa ya habari za zama zake imetoka ardhini: kuta za matumbawe, sarafu, na vipande vya mabakuli ya rangi yaliyoletwa kwa jahazi kutoka Yemen, Uajemi na China.

Vyanzo vya habari

Habari za maisha ya Abu al-Mawahib zinatoka katika vyanzo vya aina tatu.

Cha kwanza ni Kumbukumbu za Kilwa, yaani historia ya masultani wa mji huo iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 16. Imetufikia kwa namna mbili. Moja ni ya Kiarabu, ambayo nakala yake imehifadhiwa London. Nyingine ni muhtasari wa Kireno uliochapishwa na João de Barros mwaka 1552. Namna hizi mbili hazikubaliani daima kuhusu orodha ya masultani na miaka yao. Pia ziliandikwa karibu miaka 200 baada ya kifo cha Abu al-Mawahib.

Cha pili ni kitabu cha safari za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 hivi. Huyu ni shahidi pekee anayejulikana aliyemwona sultani kwa macho yake na kuacha maelezo. Hata hivyo masimulizi yake yaliandikwa na mwandishi mwingine huko Moroko zaidi ya miaka 20 baada ya ziara, kwa kumsikiliza msafiri akikumbuka.

Cha tatu ni akiolojia. Katika miaka ya 1960 Neville Chittick, mkurugenzi wa Taasisi ya Uingereza ya Historia na Akiolojia katika Afrika Mashariki, aliongoza uchimbaji mkubwa kwenye kisiwa cha Kilwa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1974 katika juzuu mbili. Tangu hapo matabaka ya udongo, sarafu na vigae vya vyombo vimetumika kupima ukweli wa yale yaliyoandikwa.

Ukoo na ujana

Kulingana na Kumbukumbu za Kilwa, ukoo wa Mahdali ulishika utawala katika robo ya mwisho ya karne ya 13 kwa mkono wa al-Hasan bin Talut, babu yake Abu al-Mawahib. Kabla yake walitawala masultani waliohesabiwa kuwa wa Kishirazi, yaani waliodai asili ya Uajemi. Mahdali walikuwa masharifu, maana yake watu waliohesabu nasaba yao hadi kwa Mtume Muhammad. Heshima hiyo iliwafungulia milango katika bandari za Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden.

Kumbukumbu zinasema kwamba al-Hasan alisafiri kwenda Makka kuhiji akiwa bado kijana. Njiani alikaa Aden kwa miaka miwili akijifunza elimu ya dini. Baba yake, Sulaiman, alifariki wakati mwanawe akiwa mbali. Kaka yake Daud alishika utawala kwa niaba yake, na al-Hasan aliporudi Daud alimwachia kiti.

Hatuwezi kuthibitisha kila sehemu ya habari hii, lakini inalingana na mambo yanayojulikana. Aden ilikuwa bandari kubwa iliyounganisha Misri, Bara Hindi na Afrika Mashariki. Kijana aliyekaa huko aliona majumba ya mawe, masoko ya wafanyabiashara wa nchi nyingi, na namna wafalme walivyojitangaza kwa majengo, kwa sarafu na kwa sadaka. Mambo hayo yote matatu yalionekana baadaye Kilwa.

Utawala na biashara

Kilwa ilikuwa mahali pazuri kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Jahazi kutoka Uarabuni au Bara Hindi ziliweza kuja na pepo za kaskazi na kurudi na kusi katika mwaka mmoja. Kusini zaidi, kuelekea Sofala katika Msumbiji ya leo, safari ilikuwa ndefu kiasi cha kuhitaji majira mengine. Kwa hiyo waliotaka dhahabu waliweza kuipata Kilwa, na Kilwa ikatoza ushuru na kushika biashara ya Sofala yenyewe.

Dhahabu ilitoka kwenye nyanda za juu za Zimbabwe ya leo. Wachimbaji na wasafirishaji walikuwa wenyeji wa huko, ambao waliipeleka hadi pwani. Ibn Battuta alisikia kwa mfanyabiashara mmoja kwamba Sofala ilikuwa mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba vumbi la dhahabu lililetwa huko kutoka nchi ya ndani. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu ilipatikana sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Ni kitu kidogo, lakini kinaonyesha kwamba miji hii miwili iliunganishwa na biashara moja.

Biashara hii isichanganywe na ile ya misafara ya karne ya 19. Njia iliyopita Unyanyembe na mji wa Tabora, penye maeneo kama Kanyenye, hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, ilikuzwa na wafanyabiashara Wanyamwezi pamoja na Waarabu na Waswahili waliotoka Bagamoyo na Zanzibar. Katika zama hizo watu wa pwani walisafiri wenyewe hadi ndani ya bara na kujenga matembe yao huko. Wakati wa Abu al-Mawahib, miaka 500 hivi kabla yake, utajiri wa Kilwa ulipita hasa baharini. Bidhaa za bara zilifika pwani mikononi mwa watu wa bara.

Pamoja na biashara, sultani alifanya vita. Ibn Battuta anaeleza kwamba alishambulia mara kwa mara nchi za Wazanji wasio Waislamu barani na kuchukua ngawira. Sehemu moja ya tano aliitenga kwa matumizi yaliyoamriwa na Kurani, na fungu la masharifu aliliweka katika hazina ya peke yake. Kwa sababu hiyo masharifu walimjia kutoka Iraki, Hijazi na nchi nyingine.

Ziara ya Ibn Battuta

Ibn Battuta alikuwa mwanachuoni wa sheria kutoka Tanja. Alipofika pwani ya Waswahili alikuwa bado hajafikia umri wa miaka 30. Alipitia Mogadishu na Mombasa, kisha akafika Kilwa, ambayo aliihesabu kati ya miji mizuri aliyoiona. Aliandika kuwa wenyeji wake wengi walikuwa watu weusi wenye chale usoni, na kwamba walifuata madhehebu ya Shafii.

Anamsifu sultani kwa unyenyekevu. Anasema alikaa pamoja na mafakiri, akala nao, na kuwaheshimu watu wa dini na wa nasaba. Kisha anasimulia kisa ambacho kimelifanya jina la Abu al-Mawahib lidumu.

Siku moja ya Ijumaa sultani alikuwa anatoka msikitini kurudi nyumbani. Fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani na kumwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani alikubali. Aliingia nyumba ya mhubiri wa msikiti, akavaa nguo nyingine, na kumpa yule fakiri zile alizoombwa. Watu walisifu sana jambo hilo. Mwana wa sultani akazichukua nguo zile kutoka kwa fakiri na kumpa watumwa 10 badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu, aliamuru fakiri aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msafiri anaongeza kwamba zawadi nyingi za nchi hiyo zilikuwa pembe, na kwamba dhahabu haikutolewa mara nyingi.

Kisa hiki kwa kawaida husomwa kama mfano wa ukarimu. Kinaonyesha pia ukarimu huo ulitoka wapi. Katika siku moja watu 20 walitolewa kwa mtu aliyeomba nguo tu, na majina yao hayakuandikwa. Inawezekana walikuwa mateka wa vita vile ambavyo Ibn Battuta mwenyewe amevitaja muda mfupi kabla. Lakabu ya baba wa zawadi na mashambulizi ya barani yalikuwa sehemu mbili za utawala uleule.

Husuni Kubwa

Jengo kubwa linalohusishwa na Abu al-Mawahib ni Husuni Kubwa. Liko juu ya genge linalotazama bahari, mashariki ya mji wa zamani wa Kilwa Kisiwani. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na linahesabiwa kati ya majengo makubwa kabisa ya mawe yaliyowahi kujengwa kusini mwa Sahara katika zama hizo.

Sehemu ya kaskazini ilikuwa makazi ya sultani. Palikuwa na ua wa baraza wenye ngazi pande zake, ambapo watu waliweza kukaa mbele ya mtawala. Palikuwa na birika la kuogea lenye pande nane, ambalo lilipaswa kujazwa maji kwa mikono. Ngazi ziliteremka genge hadi pwani. Sehemu ya kusini ilikuwa ua mpana uliozungukwa na maghala, jambo linaloonyesha kwamba jumba la sultani lilikuwa pia nyumba ya biashara. Paa zilijengwa kwa boriti na zege la chokaa, na mahali pengine kwa makuba. Baadhi ya makuba hayo yalikuwa na mifereji kama tunda lililomenywa.

Vifaa vyote vilitoka karibu. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Mapambo yalichongwa kwenye matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa bado na maji, kwa sababu yakikauka huwa magumu. Mafundi wa pwani waliijua kazi hii kwa muda mrefu. Ramani ya jumba inawakumbusha wataalamu wengine majumba ya Iraki na nchi za jirani, lakini mbinu za ujenzi ni za Waswahili.

Uchimbaji ulileta maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye jiwe, yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman na cheo cha al-Malik al-Mansur, maana yake mfalme aliyepewa ushindi. Maandishi haya ndiyo sababu kubwa ya kusema kwamba jumba ni lake.

Jumba halikumalizika. Sehemu kadhaa zilibaki bila kukamilishwa, na dalili zinaonyesha kwamba lilikaliwa kwa muda mfupi tu kabla ya kuachwa. Masultani waliofuata walikaa mjini. Karibu yake kuna jengo jingine linaloitwa Husuni Ndogo, boma la mstatili lenye kuta nene, ambalo matumizi yake bado yanajadiliwa.

Msikiti Mkuu

Msikiti wa Ijumaa wa Kilwa ulikuwa umejengwa muda mrefu kabla ya Abu al-Mawahib, ukiwa jengo dogo upande wa kaskazini. Wataalamu wanaona kwamba ni yeye aliyeupanua kwa kiasi kikubwa upande wa kusini, na kuuongezea chumba chenye kuba kubwa. Nguzo za upanuzi huo zilikuwa za matumbawe, kila moja ikiwa ya jiwe moja.

Nguzo hizo hazikutosha kwa uzito wa paa. Kumbukumbu za Kilwa zinasema kwamba msikiti ulianguka katika zama za Abu al-Mawahib, na kwamba waumini walilazimika kusali chini ya mahema. Ulikaa hivyo hadi wakati wa sultani Sulaiman bin Muhammad, katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, ulipojengwa upya. Safari hii mafundi walitumia nguzo nene za mawe na chokaa badala ya zile za jiwe moja. Nyingi za nguzo na makuba yanayoonekana leo ni za ujenzi huo wa pili.

Hivyo sultani tajiri kuliko wote wa Kilwa aliacha jumba lisilokwisha na msikiti ulioanguka. Kwa karibu miaka 100 mji uliokuwa na dhahabu haukuwa na paa juu ya sehemu kubwa ya msikiti wake.

Mabakuli na vyombo vya kigeni

Vitu vilivyosaidia zaidi kuweka miaka ya majengo haya ni vipande vya vyombo vya udongo. Chungu huvunjika haraka, lakini kigae hakiozi. Aina za vyombo hubadilika kila baada ya miongo michache, na mtaalamu anayejua zilitengenezwa lini anaweza kukadiria umri wa sakafu zilimopatikana.

Idadi kubwa sana ya vigae vya Kilwa ni vya vyungu vya kienyeji, vilivyofinyangwa pwani na kutumika kupikia na kuwekea maji. Vyombo vya kigeni vilikuwa vichache, na vilitumika hasa mezani. Katika matabaka ya zama za Mahdali vinaonekana vyombo vya Yemen vyenye rangi ya manjano na michoro myeusi. Kuwapo kwake kunalingana na habari za ukoo wenye asili ya nchi hiyo. Vinaonekana pia vyombo vya Uajemi vya kijani na buluu, na mabakuli ya China ya rangi ya kijani kibichi. Husuni Kubwa yenyewe ilitoa chupa ya kauri nyeupe ya China yenye kivuli cha buluu, iliyotengenezwa mnamo mwaka 1300.

Vyombo vya namna hii vilifunikwa kwa utando mwembamba unaofanana na kioo. Utando huo huzuia maji yasipenye udongo na huzipa rangi mng'ao. Ukitiwa bati huwa mweupe usiopenyeka kwa macho, na huficha rangi ya udongo ulio chini yake. Mbinu ya bati ilisitawi Iraki kufikia karne ya 9, hasa mjini Basra, ambako wafinyanzi walitaka kuiga weupe wa vyombo vya China bila kuwa na udongo wa kauri. Mabakuli meupe ya Iraki yalifika mapema kwenye pwani ya Waswahili. Vipande vyake vimepatikana Manda na Shanga katika funguvisiwa la Lamu, na Unguja Ukuu.

Mbinu hiyohiyo ilielekea pia magharibi, kupitia Misri na Afrika ya Kaskazini hadi Hispania na Italia. Katika miaka ambayo Abu al-Mawahib alijenga Husuni Kubwa, wafinyanzi wa Orvieto, Pisa na Siena walikuwa wakitengeneza mabakuli meupe yenye michoro ya ndege, majani na ngao. Walitumia kijani kilichotokana na shaba na kahawia iliyotokana na manganizi. Baadaye vyombo vya Italia vya aina hii vilijulikana kwa jina la maiolika, linalotokana na kisiwa cha Majorca. Basi bakuli la Orvieto na bakuli jeupe la Manda ni matunda ya fundisho moja, ingawa yanapishana kwa karne kadhaa.

Kuna ulinganifu mwingine. Mjini Pisa mabakuli ya rangi kutoka nchi za Kiislamu yalipachikwa kwenye kuta za nje za makanisa tangu mnamo karne ya 11, ili yang'ae juani kama vito. Waswahili walifanya jambo la namna hiyo bila kuwaiga Waitalia. Walipachika mabakuli kwenye vibla vya misikiti, kwenye makuba na kwenye makaburi yenye nguzo. Kilwa kwenyewe mfano unaojulikana ni msikiti mdogo wa makuba wa karne ya 15. Mifano mingine iko Kaole, Kunduchi na Mambrui. Mara nyingi bakuli limeng'olewa au limevunjika, na kimebaki kishimo cha duara katika chokaa.

Vyombo hivi viliwahi kuwapotosha wasomi. Wengi wa mwanzo walitazama mabakuli ya kigeni na majengo ya mawe, wakaamua kwamba miji ya pwani ilikuwa koloni za Waarabu au Waajemi. Utafiti wa baadaye, uliohesabu pia vyungu vya kienyeji na kufuata nyumba za udongo zilizotangulia zile za mawe, umeonyesha kwamba miji hii ilikua kutoka katika jamii za Kiafrika za pwani. Wageni walipokelewa humo, wakaoa, wakawa Waswahili. Ukoo wa Mahdali ni mfano wa jambo hilo. Asili yao ilihesabiwa Yemen, lakini mji waliotawala ulikuwa umekwisha kuwa mji wa Waislamu na wafanyabiashara kabla yao.

Sarafu

Kilwa ilikuwa moja ya sehemu chache za Afrika kusini mwa Sahara zilizotengeneza sarafu zao wenyewe katika zama hizo. Sarafu zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ni nyingi, karibu zote za shaba. Zilitumika kwa manunuzi madogo ya kila siku. Maandishi yake yamepangwa ili upande mmoja, wenye maneno ya kumtegemea Mungu, uwe na vina na upande wa pili, wenye jina la sultani.

Sarafu hizi hazina mwaka wala jina la mji. Kwa kuwa masultani zaidi ya mmoja waliitwa kwa jina hilohilo, wataalamu walibishana kwa muda mrefu ni zipi za Abu al-Mawahib. Sarafu tatu za dhahabu zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman zilielezwa na wataalamu mwishoni mwa karne ya 20. Ni ushahidi wa nadra kwamba mji uliouza dhahabu kwa dunia uliitumia pia kutangaza jina la mtawala wake.

Katika zama hizo miji ya Italia ilihitaji dhahabu kwa sarafu zake. Firenze ilianza kutoa florini mwaka 1252, na Venezia dukati mwaka 1284. Sehemu kubwa ya dhahabu hiyo ilitoka Afrika ya Magharibi kwa njia ya jangwani. Dhahabu ya Sofala iliingia hasa katika masoko ya Bahari ya Hindi na Misri, ambako wafanyabiashara wa Venezia walinunua viungo.

Kifo na warithi

Abu al-Mawahib anakadiriwa kufariki mwaka 1333 hivi. Alirithiwa na kaka yake Daud, yuleyule ambaye kulingana na Kumbukumbu alikuwa amemshikia utawala katika ujana wake.

Ibn Battuta, ambaye lazima alipata habari hizi baada ya kuondoka Kilwa, anasema Daud alikuwa kinyume cha ndugu yake. Mwombaji alipomjia, alimjibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi, kisha wakapewa kidogo sana, hata watu wakaacha kwenda mlangoni pake.

Msafiri analieleza jambo hili kama tofauti ya tabia kati ya ndugu wawili. Inawezekana kulisoma kwa namna nyingine pia. Daud alirithi hazina iliyokuwa imelipia jumba kubwa, upanuzi wa msikiti na zawadi za miaka mingi. Jumba liliachwa bila kukamilishwa, na msikiti ukakaa bila kujengwa kwa vizazi kadhaa. Huenda jibu la Daud lilikuwa maelezo ya kweli ya hazina aliyoikuta.

Ukumbusho

Ukoo wa Mahdali uliendelea kutawala Kilwa kwa muda mrefu, na Wareno waliushambulia mji mwaka 1505. Husuni Kubwa ilikuwa gofu muda mrefu kabla ya hapo.

Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kutokana na mmomonyoko wa pwani, mimea na kuta zilizokuwa zinabomoka, yaliwekwa mwaka 2004 kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Yaliondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi za ukarabati. Husuni Kubwa iko katika sehemu zinazohitaji uangalizi zaidi, kwa kuwa genge ililojengwa juu yake huliwa na bahari.

Wageni wanaofika kisiwani kwa mashua kutoka Kilwa Masoko wanaweza kupita kwenye ua wa baraza, maghala na birika la pande nane. Ardhini bado huonekana vigae vidogo, vingi vya vyungu vya kienyeji na vichache vya rangi ya kijani au manjano. Vigae hivi havipaswi kuokotwa na kuondolewa, kwani kikitolewa mahali pake kigae hakiwezi tena kueleza umri wa sakafu kilipokuwa.